Taa Nne za Ukumbi wa Zuhura

Jumatatu, 13 Novemba

Hatimaye! Bi Rukaya ametuita ofisini, mimi na Ashrafu. Ofisi yenyewe ni kile kibanda cha kukatia tiketi. Watu watatu hamwenei bila kukanyagana. Aliyekanyagwa ni mimi.

Habari ndiyo hii. Jumamosi Ukumbi wa Zuhura unafunguliwa rasmi kwa tamasha la kwaya. Jumatatu inayofuata Bi Rukaya atamtaja meneja. Ni ama mimi, ama Ashrafu.

Ashrafu ni mtoto wa dada yake. Amesomea mambo ya sauti Mwanza, miezi michache tu, na tangu arudi hajavua hedifoni shingoni. Hata akinywa chai anazo. Mimi nimelilinda jumba hili tangu likiwa ghala la kahawa. Panya wote nawajua kwa sura. Watu wa Kayanga huniita mlinzi. Mimi hujiita Kaimu Meneja, maana mtu asipojipandisha mwenyewe atapandishwa na nani?

Zamani hili lilikuwa jumba la sinema. Baba yake Bi Rukaya alilijenga akalipa jina la mkewe. Lina roshani ya ndani kwa ajili ya wakubwa, viti vya mbao vinavyojikunja vyenyewe ukisimama, na pazia jekundu ambalo siku hizi ni la rangi ya matope. Kisha vikaja vibanda vya video, watu wakahamia huko, sinema ikafa. Ikaingia kahawa. Sasa kahawa imetoka na muziki unaingia, ila harufu ya kahawa imekataa kuhama.

Kazi zimegawanywa. Ashrafu atashughulika na sauti. Mimi nitashughulika na watu. Bi Rukaya akasema maneno ambayo nimeyakariri:

"Baba alikuwa akisimama pale mlangoni kuwatazama wanaotoka kabla ya mwisho. Alikuwa akiumia. Mimi nataka ukumbi ujae, na wakae mpaka wimbo wa mwisho. Ukinifanyia hilo, Cleophace, funguo ni zako."

Nisipozipata, nitarudi Nyakakika kwa kaka Yustus, kwenye migomba. Kaka ameshaniandalia jembe. Alinipigia simu makusudi kunijulisha kwamba lina mpini mpya. Jembe siliogopi. Naogopa uso wa kaka akinikabidhi.

Jumanne, 14 Novemba

Nimeamka na akili nyingi. Mtu mmoja mmoja hajazi ukumbi. Kwaya ndiyo hujaza! Kila mwimbaji ana mama, shangazi, mchumba na adui, na wote hao huja kumsikiliza.

Nikapanda bodaboda hadi Nyakakika. Tulipita njia ya kuzunguka ili nisionane na kaka. Nikamkuta Mama Kemilembe, kiongozi wa kwaya ya Walutheri, mjane wa mchungaji, mwanamke ambaye hata mbwa wake hubweka kwa kipimo. Nikampa shikamoo mbili, moja ya akiba. Akanipa kahawa ya kutafuna, akanisikiliza, kisha akauliza swali moja tu: nani atafunga tamasha?

Kwa watu wa kwaya hakuna heshima kubwa kuliko kufunga. Wanaotangulia ni wa kupasha viti moto. Nikamwambia watafunga wao. Akatabasamu kidogo sana, akasema atakuja na watu wa sharika zote.

Jioni nikampigia Mwalimu Ainebyona wa Kimuli, kiongozi wa kwaya ya Wakatoliki. Wana ngoma kubwa na sauti nzito za wanaume. Naye akauliza nani atafunga. Nikamwambia wao, nani mwingine? Akasema ataleta basi dogo lililojaa na jingine litakalofuata.

Kwaya mbili, mwisho mmoja. Hilo ni jambo la Jumamosi. Leo ni Jumanne.

Jumatano, 15 Novemba

Ashrafu ameshinda akipiga makofi. Anasimama katikati ya ukumbi, anapiga kofi moja, anainamisha kichwa, anahama hatua chache, anapiga tena. Nikadhani amepagawa. Akaeleza kwamba sauti inagonga ukuta na kurudi, watu hawatasikia maneno. Anataka mablanketi mazito ya kutundika ukutani. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama najua pa kuyapata.

Nikaona mlango umefunguka. Nikampeleka stoo nikampa magunia ya kahawa. Magunia ya tangu enzi zile, yenye vumbi na wadudu wasio na jina. Nikasema haya ndiyo mazito kuliko yote. Moyoni nacheka. Jumamosi ukumbi utakohoa mpaka Bi Rukaya amfukuze.

Ashrafu akanishukuru. Akayatoa nje, akayapiga kwa fimbo, akayaanika. Mimi nilikuwa nimesimama upande upepo unakoelekea, nikapiga chafya hadi adhuhuri. Kisha akayatundika. Akapiga kofi. Kofi likasikika safi, likafa palepale kama inavyotakiwa. Bi Rukaya akaja, akayashika yale magunia, akasema ukumbi umepata sura ya heshima na unakumbuka ulikotoka. Akamwita Ashrafu fundi.

Nikasema magunia nimetoa mimi. Nikapiga chafya katikati ya sentensi. Hakuna aliyesikia.

Alhamisi, 16 Novemba

Mji haujui! Nimepita sokoni na kwenye vijiwe vya bodaboda kutangaza tamasha. Mzee mmoja akaniuliza kilo ya kahawa mnanunuaje siku hizi. Kwao jumba bado ni ghala.

Nikakumbuka maneno ya marehemu baba. Alisema enzi za sinema kulikuwa na taa kubwa kwenye paji la jumba. Ikiwashwa, watu wa milimani huiona, wanaoga, wanashuka. Binadamu huenda kwenye mwanga. Basi mwanga nitawapa!

Nikaenda Rubwera kwa mtu anayeitwa Nizigiyimana. Ana duka karibu na ofisi za wilaya, na nyuma ya duka ana taa nne kubwa kweli, za kumfanya kipofu akupungie mkono, pamoja na jenereta. Kila Novemba huwakodishia wategaji wa senene, wale panzi wa kijani wa kuliwa. Mwaka huu zimelala tu, zimeota utando. Msimu umegoma. Kila mtu anasema hivyo: mvua zimekuja vibaya, senene hawajaonekana. Watu wameonja kiganja kimoja kimoja tu, tena kwa kununua.

Mimi si mgeni. Najua taa kubwa mwezi Novemba huita nini. Lakini senene hawapo, kwa hiyo taa zipo. Hiyo ndiyo akili ya biashara.

Nizigiyimana akanisikiliza habari za tamasha. Akasema kodi hataki, anataka nusu ya chochote kitakachoangukia kwenye taa zake. Nikakubali kabla hajabadili mawazo. Nusu ya hewa! Akaniuliza kama nachukua na mabati na mapipa ya kutegea. Nikakataa. Mimi ni mtu wa sanaa.

Nilipokuwa nazifunga juu ya paji la jumba, Nikuze, anayeuza chai na maandazi pale mlangoni, akaniuliza kama najua huu ni mwezi gani. Nikamjibu. Akasema watu husema msimu umegoma karibu kila mwaka, mpaka siku mvua inyeshe mchana na jioni itulie bila upepo. Nikamwambia ageuze maandazi, yanaungua. Yalikuwa yanaungua kweli.

Ijumaa, 17 Novemba

Ushindi!

Jioni nimewasha taa kwa majaribio. Mji mzima ukageuka mchana. Waliokuwa wakienda nyumbani wakasimama. Kuku wa jirani wakatoka bandani wakidhani wamechelewa kazini. Watoto wakacheza kivuli ukutani. Watu wakauliza kuna nini, nikawaambia, na wakasema kesho watakuja, na shangazi zao watakuja.

Senene walioonekana: hakuna. Nilimwangalia Nikuze. Hakuniangalia.

Ashrafu akatoka na hedifoni zake kuja kusema taa ni kali mno, akashauri tuwashe mbili tu. Wivu ni ugonjwa. Bi Rukaya akafunika macho kwa mkono, lakini nilimwona akitabasamu chini ya mkono. Akasema mara ya mwisho kuliona jumba hili likiwaka alikuwa mtoto, amebebwa na baba yake mabegani.

Nikajisikia mtu mwema. Kwa dakika kadhaa nilisahau hata funguo.

Mama Kemilembe amepiga simu kuhakikisha wanafunga. Wanafunga. Mwalimu Ainebyona naye amepiga. Nao wanafunga.

Jumamosi, 18 Novemba

Mvua kubwa mchana kutwa! Nikadhani nimekwisha. Lakini saa kumi imekata, jua limetoka, na sasa jioni imetulia hata moshi wa Nikuze unapanda wima. Hali ya hewa nzuri kabisa kwa tamasha. Mungu anapenda mameneja.

Nimevaa koti langu la mtumba, jeusi, lenye mifuko ya ndani. Basi la Kimuli limefika. Wa Nyakakika wanateremka kwenye lori wakiwa na majoho meupe yaliyopigwa pasi. Foleni inazunguka kona.

Nikuze amefunga biashara mapema na kukata tiketi. Amekuja na ndoo mbili tupu. Nikamuuliza za nini. Akasema akichoka atazikalia. Ndani kuna viti mia na ushee, lakini mwanamke ukimbishia utachelewa.

Nawasha taa.

Jumapili, 19 Novemba

Sina la kusema. Nitasema.

Ukumbi ulijaa. Hilo liandikwe kwanza. Roshani ilijaa, ngazi zilijaa, watu walisimama ukutani wakiegemea magunia. Mgeni rasmi, ofisa elimu mstaafu mwenye tumbo la heshima, alihutubia kwa kifupi. Kwaya ya Kimuli ikaimba, ngoma ikanitikisa meno. Kwaya ya Nyakakika ikaimba, na kila neno likafika hadi mlangoni, kama vile mtu anakunong'oneza wewe peke yako. Ashrafu alikaa nyuma ya mashine yake akigeuza vitufe kwa ncha za vidole. Bi Rukaya alikuwa kiti cha mbele kabisa. Hakuna aliyetoka. Mimi nilikuwa mlangoni, nikishika funguo ambazo bado sijapewa.

Ukafika wimbo wa mwisho. Kwaya zote mbili zikasimama.

Mama Kemilembe akasema wao ndio wanafunga, ameambiwa na meneja. Mwalimu Ainebyona akasema hata yeye ameambiwa na meneja. Watu ukumbini wakauliza meneja ni nani. Nikachungulia viatu vyangu. Nikapendekeza waimbe pamoja. Mwalimu akasema hawajafanya mazoezi. Mama Kemilembe akasema angekubali kuimba na mtu yeyote isipokuwa mwongo, na hapo alikuwa ananitazama mimi. Akaketi kwenye ngazi ya jukwaa na kufungua kitabu chake cha nyimbo, ishara kwamba ana muda mpaka Krismasi.

Watu wakaanza kucheka. Ningeweza kuliokoa jambo hili. Naamini hivyo.

Ndipo senene mmoja alipopenya kwenye tundu la hewa darini, akashuka polepole, akatua juu ya kitabu cha Mama Kemilembe. Kijani, mnene. Ukumbi ukanyamaza wote. Mama Kemilembe alimtazama. Akamfunika kwa kiganja, taratibu, akamtia mfukoni mwa joho.

Mtu mmoja mlangoni akasema kwa sauti ya chini, kama anavyosema mtu aliye kanisani: "Wameshuka."

Nilitanua mikono mlangoni. Niliwaambia wakae. Niliwaambia kuna wimbo wa mwisho. Mgeni rasmi alinipita chini ya kwapa. Roshani iliteremka yote kwa pamoja. Viti vikajikunja, pa, pa, pa, mia nzima na ushee, na huo ndio ulikuwa muziki wa mwisho ndani ya ukumbi. Majoho meupe yakawa magunia. Wakatoliki waliipindua ngoma yao kubwa, wakatoboa ngozi ya upande mmoja, wakapata pipa. Nikuze alikuwa tayari nje, ameshajaza ndoo ya kwanza.

Nje! Hewa yote ilikuwa kijani. Ukuta wa mbele ulikuwa unatembea. Walianguka kwenye nywele, kwenye shingo, kwenye supu ya mtu. Msimu mzima ulikuwa umeamua kushuka Kayanga, kwenye taa zangu nne.

Nilitaka kuzizima. Naapa. Nilifika mpaka kwenye jenereta. Watu wakanizunguka na kuniambia, kwa adabu, kwamba nikigusa ile swichi nitaondoka mjini nikiwa nimebebwa. Basi nikavua koti, nikafunga mikono yake mafundo, nikaanza kukusanya. Ningefanya nini? Nimezaliwa Karagwe.

Koti lilipojaa nikaingia ndani kutafuta ndoo. Bi Rukaya alikuwa palepale, kiti cha mbele, mkoba magotini, anatazama jukwaa tupu. Jumba zima, na yeye peke yake.

"Cleophace," akasema bila kugeuka, "wamebaki wangapi?"

Nikamjibu kwamba amebaki yeye. Nikaona aibu. Aibu ya kweli. Nilitamani kumwambia kitu na sikuwa na kitu, ila koti lililokuwa linatikisika.

Nikamtafuta Ashrafu ili nimlaumu. Hakuwepo. Waya mrefu ulikuwa umetoka kwenye mashine yake, umepita kati ya viti, umetokea mlangoni.

Huko nje wanawake walikuwa wameanza kuimba. Wakiokota senene huimba, hiyo ni kawaida, hakuna anayeamua. Wimbo wa Kinyambo, wa bibi zetu, usiohitaji kitabu. Walioanza walikuwa wa Nyakakika. Wanaume wa Kimuli wakaingia chini yao kwa zile sauti nzito. Hakuna aliyeuliza nani anafunga. Ashrafu alikuwa amesimama katikati yao na kipaza sauti mkononi, senene wamemjaa kwenye hedifoni, na yote yale yakawa yanaingia ukumbini kupitia spika. Viti vitupu, na sauti za mji mzima.

Bi Rukaya alifumba macho. Niliacha kutafuta ndoo. Wimbo ulipokwisha alipiga makofi peke yake, na makofi yakasikika safi.

"Huo ndio wa mwisho," akasema. Akachukua mkoba wake akaenda nyumbani.

Jumatatu, 20 Novemba

Funguo amepewa Ashrafu.

Nilijitetea. Nilisema ukumbi ulijaa. Bi Rukaya akakubali. Nilisema wimbo wa mwisho uliimbwa. Akakubali. "Wewe uliwaleta, wewe ukawatoa," akasema. "Yeye akawarudisha."

Nikaomba anipe siku mbili za kufunga mizigo. Hapo Ashrafu akaingilia. Akasema yeye hana haja ya kulala ukumbini, analala kwa Bi Rukaya, na jumba linamhitaji mtu anayelijua. Akasema asingepata yale magunia bila mimi. Alisema hivyo akiwa anamaanisha! Mtu mbaya kiasi hicho sijawahi kumwona. Bi Rukaya akafikiri, akasema nibaki mlinzi, kwa sharti moja: taa zirudi Rubwera.

Kaka Yustus alipiga simu. Nyakakika wameshasikia yote. Akasema jembe linasubiri, halina haraka. Nikamwambia nimeombwa nibaki. Akauliza na nani. Nikakata simu, mtandao ulikuwa mbaya.

Mchana Nizigiyimana akafika kwa bodaboda na magunia mawili, kudai nusu yake. Akauliza walioangukia kwenye taa wako wapi. Nikamwonyesha mji. Kila nyumba ilikuwa inakaanga. Harufu ya senene na vitunguu ilikuwa imeishinda hata ile ya kahawa. Akauliza wangu wako wapi. Akachukua koti zima, na senene wote, na koti lenyewe. Nikuze aliona. Baadaye aliniletea bakuli la senene, wamekaangwa wakakauka vizuri, bila kusema neno. Ningependa angesema neno. Nilikula wote.

Habari njema ni hii. Mji wote unauliza tamasha lijalo ni lini. Bi Rukaya amekubali liwe Jumamosi hii. Mama Kemilembe amepiga simu, hana kinyongo, ila anataka kufunga. Nimemwambia watafunga. Mwalimu Ainebyona naye amepiga, anatafuta ngozi ya ngoma. Nimemwambia watafunga.

Nimekaa nikatafakari kosa langu, kama mtu mzima. Nimeligundua. Ni moja tu: taa niliziweka nje! Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutoka nje ikiwa senene wako nje. Nizigiyimana amekubali kuziacha mpaka wiki ijayo, kwa masharti yaleyale. Ya kwanza nimeshaifunga juu ya jukwaa. Ashrafu nimemwambia ni pambo. Sasa hivi nimeegesha ngazi, napanua matundu ya hewa darini.

Safari hii hatatoka mtu.